Reli ya Juu ya Mlango wa Uani

Mimi treni sizipendi, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akaniambia nilificha. Treni ilinichukulia mume nikiwa bibi harusi ambaye hata vyungu vyake havijapata masizi. Privatus alikuwa gadi wa treni za mizigo, yule mtu anayekaa behewa la mwisho na bendera mbili, ya kijani na nyekundu. Sasa hapa kwetu Kibimba, wilaya ya Ngara, reli hakuna. Tunaambiwa inakuja tangu sijazaa, na nadhani wajukuu nao wataambiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo mume wangu akakaa Tabora, akakaa Isaka, akija nyumbani kwa likizo anakaa mpaka watoto waanze kumzoea, kisha anafunga begi. Nyumba hii ya tofali za kuchoma nimeisimamia mimi. Mama yake nimemuuguza mimi na nimemzika mimi. Kuzaa nako nimezaa mimi, ingawa hapo hata angekuwepo asingenisaidia kitu.

Alipostaafu nikasema, haya, sasa Mungu amenirudishia mtu wangu. Kumbe amerudi na treni. Alikuwa na sanduku la bati limejaa vitreni vya kuchezea, vile ambavyo watoto wa Ulaya wakivichoka vinakuja kuuzwa Mwanza kwenye mitumba. Amevinunua kimoja kimoja miaka yote hiyo na mimi sijui. Na si vya plastiki, ni vya chuma, vizito, vinatembea juu ya reli nyembamba kwa umeme wa betri. Akavitandaza sebuleni. Kuku akataga ndani ya behewa. Mimi nikakanyaga reli nimebeba sufuria ya uji, nusura niungue kifua. Nikamwambia siku hiyo hiyo, tena bila kumung'unya maneno, kwamba ama hizo reli zitoke sakafuni ama nitazipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Akaniangalia, kisha akaangalia dari. Hapo ndipo wazo la rafu lilipomwingia: rafu nyembamba ya mbao izunguke kuta zote nne za sebule, chini kidogo ya dari, juu ya madirisha na milango, treni ipite huko ambako hakuna mguu wa mtu wala wa kuku.

Fundi wa kuijenga rafu hiyo alikuja mwenyewe, na hakuja kwa ajili ya rafu.

Jina lake ni Bulugu, ingawa siku zile nilikuwa simtaji, nilimwita yule wa Bisibo. Ni seremala, Msukuma, wazazi wake walihamia Biharamulo kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Binti yangu Yuster anafundisha shule ya msingi huko Bisibo. Madawati yakavunjika, fundi akaitwa, madawati yakapona, na mwalimu ndiye akaugua. Aliponiambia nilikataa. Watu wakadhani nimekataa kabila. Si kweli. Nilikataa kwa sababu watu wa ng'ombe huhama. Malisho yakiisha hapa wanaelekea kule, na mimi nilijua vizuri mwanamke aliyeachwa anavyolala na kuamka akiongea na ukuta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikutaka mwanangu arithi maisha yangu.

Lakini posa haiji kwa mama. Mshenga wao, mzee mmoja anaitwa Mihayo, alikuja kuonana na Privatus, na mume wangu badala ya kuzungumzia ng'ombe akauliza kama kijana anajua kutumia pima maji. Mzee wa watu akashangaa, akasema anajua, ni seremala. Nilikuwa jikoni lakini maneno yaliyofuata niliyasikia moja moja.

"Basi mwambie anijengee reli yangu ukutani," Privatus akasema. "Siku ya posa treni itazunguka na mzigo wake, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Ikirudi kituoni salama, binti ni wake. Ikianguka au ikikwama njiani, warudi na ng'ombe wao."

Wengine walicheka wakadhani ni utani wa mzee aliyestaafu. Mimi sikucheka. Privatus neno lake likitoka halirudi. Hata treni inajua kurudi nyuma, yeye hajui.

Hapa mtu wa mjini inabidi aeleweshwe kidogo. Siku hizi mjini mkwe na mama mkwe wanapiga picha wamekumbatiana. Kwetu bado, na kwao bado, hapo Wahangaza na Wasukuma hatugombani. Mkwe hatazamani uso na mama mkwe, na siku ya posa hata watu aliokuja nao hawamtazami. Hasemi naye mpaka ndoa ipite na mbuzi wa kufungulia mdomo aliwe. Na hapandi juu ya kichwa chake, yaani hapandi ngazi ndani ya nyumba ambamo mama mkwe yumo. Kwa hiyo siku zote za ujenzi nilihamishiwa kwa wifi yangu Domisiana, dada mkubwa wa Privatus, ng'ambo ya shamba letu la migomba. Domisiana kanisani anakaa benchi la mbele, na mila anazijua kuliko Amri Kumi. Nilikaa kwake nikisikia drili inalia nyumbani kwangu, nikichambua maharage yake, na hasira zangu nikizichambua humo humo. Sikuona ubao hata mmoja ukipanda.

Nilirudishwa asubuhi ya posa, tena kwa mlango wa uani, nikaambiwa nikae jikoni. Jiko letu liko uani. Yuster alikuwa ananisaidia kumenya ndizi, na alikuwa hawezi kunyamaza, mtu mwenye hofu huongea. Akawa ananisimulia rafu ilivyopendeza, jinsi treni tupu ilivyojaribiwa jana yake ikazunguka bila tatizo. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Mama, hivi ukuta wa juu ya mlango wa uani una nini?"

Nikamuuliza kwa nini. Akasema Bulugu alipotoboa hapo, vumbi lilitoka jeusi, wakati kuta nyingine zote lilitoka jekundu la tofali. Alisita, akataka nikaulizwe mimi kwa kuwa nyumba niliijenga mimi. Yuster akapeleka swali kwa shangazi yake, kama inavyotakiwa. Domisiana akang'aka. Akasema tangu lini mkwe akamuuliza mama mkwe habari za nyumba yake, huo ni utovu wa adabu, na akajibu mwenyewe kwamba ukuta wa mdogo wake ni imara, aendelee. Kijana akafunga skrubu ndefu zaidi akaendelea. Na mimi nilikuwa hapo hapo kwa Domisiana, hatua chache, nachambua maharage.

Kisu changu kilisimama juu ya ndizi. Mimi nilijua ukuta ule una nini. Fundi wetu wa kwanza aliacha tundu kubwa la hewa juu ya mlango, upana wa beseni. Popo wakahamia. Privatus yuko Isaka na bendera zake, mimi nina watoto wanaonyewa na popo vitandani. Nikachimba udongo mweusi wa bondeni, nikauchanganya na majani makavu, nikaliziba tundu kwa mikono yangu, kisha nikapaka saruji kiasi cha kuficha. Mume wangu alipokuja likizo akaupapasa ukuta akamsifu fundi. Nilikuwa nimechoka, sikumsahihisha.

Basi vyuma viwili vya rafu vilikuwa vimeshikilia udongo. Treni tupu imepita mara moja. Treni yenye mzigo isingepita.

Ningeweza kusema pale pale. Yuster yuko mbele yangu, baba yake yuko sebuleni anafuta mabehewa. Lakini nitasema kilichonijia, maana nilikihisi na sioni haya: niliona furaha. Sikupanga, sikudanganya, sikumroga mtu. Mila zenyewe zimenifunga mdomo. Rafu ianguke, ng'ombe wageuke, mwanangu abaki. Nikamwambia Yuster ndizi bado nyingi, amenye.

Wageni wakafika na Noah mbili, vumbi limewakalia mpaka kwenye kope. Mzee Shibuda, baba yake Bulugu, mrefu, ana kofia ya pama na fimbo. Mzee Mihayo. Wanawake watatu wa kwao waliovaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Nyuma yao kijana mwenyewe, macho chini. Mimi nikasimama nyuma ya pazia la mlango wa uani, mahali pangu pa siku ile, nachungulia kwenye upenyo.

Ndipo nikaiona rafu kwa mara ya kwanza. Jamani, chuki haimnyimi mtu macho. Kazi ilikuwa safi. Mbao za paina zimerandwa zikalainika, zimepakwa rangi ya kijani, zimezunguka sebule nzima zimenyooka, kwenye pembe zimekatwa mviringo ili treni isijigonge. Kwenye kona ya mlango wa mbele, juu kabisa, kilikuwa kituo: kijumba cha mbao alichochonga Privatus mwenyewe, kimeandikwa KIBIMBA. Kituo ambacho serikali haijajenga, mume wangu amekijenga chini ya dari. Treni ingeanzia hapo, ipite ukuta wa madirisha, ukuta wa chumbani, kisha ukuta wa mlango wa uani juu ya kichwa changu, halafu irudi hapo hapo.

Privatus alikaa chini ya kituo, kando ya betri na swichi, amevaa koti lake la zamani la reli, bendera ya kijani magotini. Akawakaribisha, akaeleza sharti lake upya ili asije mtu akasema hakulisikia. Kisha akainua kopo la buni, akapanda ngazi, akaanza kujaza mabehewa.

"Treni tupu si treni," akasema.

Nikamwona Bulugu akiinua kichwa. Aliangalia buni, akaangalia juu ya mlango wangu, hasa pale penye vyuma viwili, na nikajua kwamba anajua. Hakuwa mjinga, vumbi jeusi alikuwa hajalisahau. Akafungua mdomo. Mzee Mihayo akamvuta shati, maana mkwe hamsahihishi baba mkwe mbele ya wazee. Kijana akafunga mdomo, akarudisha macho sakafuni, na mikono yake ikabana magoti. Mimi nyuma ya pazia moyo ulikuwa unanienda mbio, sijui tena kama ni kwa furaha.

Privatus akashuka, akapunga bendera ya kijani, akawasha.

Treni ikaondoka. Haikuwa na kelele nyingi, ilikuwa inakwaruza tu juu ya reli, taratibu, buni ikitikisika. Watu wote vichwa juu. Ukuta wa madirisha ikapita. Ikaingia kona, ikapunguza, ikatoka. Mzee Shibuda akaguna kwa kuridhika. Ilipofika katikati ya ukuta wa chumbani nikaona mbele ya pazia langu kitu kinadondoka. Udongo mweusi, kidogo, kama chumvi inayonyunyizwa. Mtikisiko ulikuwa umeshafika juu ya mlango kabla ya treni yenyewe.

Na Domisiana, mwanamke huyu Mungu amsamehe, akachagua wakati huo huo kuashiria pombe iletwe. Alitaka wageni wawe wanakunywa treni ikifika. Yuster akapita ubavuni pangu na kibuyu cha rubisi, akafungua pazia, akaenda kupiga magoti mbele ya Mzee Shibuda. Na Mzee Shibuda kwa heshima alikuwa ameketishwa kiti kikubwa, na kiti kikubwa kiko karibu na mlango wa uani. Mwanangu akapiga magoti chini ya vile vyuma viwili, kibuyu mikononi, kichwa kimeinama. Binti anayeposwa haangalii juu. Akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Udongo ukamdondokea begani kwenye kitenge chake cheupe, naye hakujitikisa, akidhani labda ni vumbi la dari. Nikapenyeza kichwa kwenye pazia, nikainua macho. Chuma kimoja kilikuwa kimetoka ukutani upana wa kidole, na ubao wote umeanza kuinama mbele.

Mnisikilize vizuri. Hapo sikufikiria ndoa, wala ng'ombe, wala Isaka. Uani kuna mti wa panda ninaoegemezea kamba ya nguo. Niliung'oa, nguo zikaanguka kwenye matope ya maji ya kufulia, nikaingia nao sebuleni.

Yaliyotokea mle ndani yangemchekesha mtu. Mzee Shibuda akashusha pama mpaka kidevuni. Wanawake wa Kisukuma wakageukia ukuta wote kwa pamoja. Mihayo akajifunika kwa mikono. Bulugu akatia uso katikati ya magoti. Domisiana akavuta kanga mpaka utosini akimwita Yesu na Maria. Na mume wangu, kwa aibu ya mkewe kuingia mbele ya wakwe na mti wa kuanikia nguo, akajifunika uso na bendera ya kijani.

"Yuster, toka hapo," nikasema.

Akatoka akitambaa, kibuyu hakikumwagika. Nikasukuma panda chini ya ubao, kati ya vyuma viwili, nikaupiga mti wima. Uzito wote ukanishukia mabegani. Na hapo treni ikaingia ukuta wangu.

Sijawahi kupanda treni maisha yangu yote, lakini hiyo imepita juu yangu. Nilisikia injini ilivyoingia kwenye ubao uliolegea, mti ukazama kidogo sakafuni, saruji ikamenyuka ikaniangukia machoni. Behewa la kwanza. La pili. Buni zikanidondokea kichwani na kifuani. Nikauma meno. Nilikuwa nasema moyoni pita, pita, mwana wa laana wewe, pita. Nikashtuka kwamba nimemwombea yule wa Bisibo. Behewa la mwisho likapita, ubao ukatulia juu ya mti, treni ikakata kona, ikashika ukuta wa mlango wa mbele, ikawa inaelekea kituoni. Kisha ikapunguza. Nadhani ubao ulipoinama waya ulivutika mahali. Ikatambaa, ikajikongoja, ikasimama.

 Nyumba nzima, mtu mwenye macho juu nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa upande wa pili wa chumba na niliona vizuri: injini imesimama kabla ya kituo. Kati ya pua yake na kile kijumba cha KIBIMBA palikuwa na nafasi ya kiganja changu.

Privatus akauliza akiwa ndani ya bendera.

"Imefika?"

 Ningesema hapana, ingekuwa kweli tupu, na mwanangu angebaki. Mdomo ulikataa kufunguka upande wowote. Domisiana akapata nafasi. Akaanza kusema kupitia kanga yake kwamba hata kama imefika imefika kwa mkono wa mama mkwe, mambo yameharibika, kunahitajika mbuzi, posa iahirishwe. Mihayo akajibu kupitia vidole kwamba kwao pia kuna mbuzi lakini mbuzi haahirishi posa. Wakaanza kubishana ni mbuzi wa nani, dume au jike, watu wamejifunika nyuso, na mimi nimesimama katikati nimebeba reli. Nisingeweza kuachia. Mbao zilikuwa zimeungwa, kipande hiki kikianguka kinavuta kona, na kona inavuta treni yote.  Nikamtazama Privatus. Maisha yetu yote, panapokuwa na kitu kizito, huyu mtu yuko upande wa pili wa kitambaa. Nilikaribia kulia kwa hasira.

Nikasikia nyayo. Bulugu alikuwa ameinuka. Alikuja kinyumenyume, amenipa mgongo ili asinione uso, anapapasa hewa nyuma yake kwa mkono mmoja mpaka akagusa mti. Akaukamata juu ya mikono yangu, mikono yake yote miwili imepinda juu ya kichwa, mgongo wake umelowa jasho.

"Achia, mama," akasema. "Nimeshika."

Domisiana akanyamaza. Mbuzi wote wakanyamaza.

Sikuachia. Nilikuwa na swali moja nililolibeba tangu Yuster aliponitajia jina lake, na kwa kuwa mila zilikuwa zimeshamwagika na maji ya kufulia, nikaliuliza kwenye kisogo chake.

"Na ng'ombe wakihama?"

 Mti ulitulia mikononi mwake, na ule uzito uliokuwa unanikata mabega nikahisi umeondoka, kumbe alikuwa ameshaubeba wote na mimi nimeshikilia tu.

"Ng'ombe ni wa mzee," akasema. "Mimi ni wa mbao. Benchi langu la kazi nimechimbia miguu yake ardhini."

Sikujua seremala huchimbia benchi. Nilimtazama Yuster. Alikuwa amekaa sakafuni kando ya kiti, udongo wangu mweusi begani, na yeye sasa alikuwa ameinua macho, ananitazama mimi, si treni. Hakuomba. Alikuwa anasubiri tu, kama nilivyokuwa nikisubiri mimi barabarani nikiwa na umri wake, ila yule niliyemsubiri mimi hakuwahi kunishikia kitu.

Nikaachia mti. Haukutikisika.

"Marsiana," Privatus akaita tena, sasa kwa sauti ya kazini. "Nimekuuliza. Treni imefika?"

"Imefika," nikasema.

Mtu wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa Domisiana, tena ndani ya kanga. Mimi nikatoka kwa mlango wangu, nikaenda kuokota nguo matopeni, nikazifua upya zote, na machozi nikayafua humo humo.

Waliofunua nyuso waliona treni iko kona ya kituo. Kwa aliyekaa kitini, kiganja kimoja hakionekani, ubao unakificha. Mazungumzo ya ng'ombe yakaendelea, na kijana akaendelea kusimama na mti, maana hakuna aliyejua nani mwingine anaruhusiwa kuupokea. Mzee Shibuda akamtania mwanawe kwamba wengine huposa wamekaa. Baadaye wakaukaza mti kwa mawe, wakatoka kula. Yule wa Bisibo akaacha ujumbe kwa Yuster kwamba atarudi kuuchimbua udongo na kujaza tofali, na kwamba safari hii angependa mama aulizwe kwanza. Nikamjibu kwa njia hiyo hiyo kwamba mama atajibu.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado juu ya migomba. Nikaingia sebuleni na ufagio kukusanya buni. Privatus alikuwa ameegemeza ngazi kwenye kona ya kituo, anapanda. Nikasimama. Mtu aliyeishi stesheni anajua injini iliyoingia na injini ambayo haijaingia, hilo huwezi kumficha hata akiwa usingizini. Alipanda mpaka macho yake yakalingana na rafu. Akatazama pua ya injini. Akatazama ile nafasi. Akaweka kiganja chake pale katikati, kikaenea. Nikashika ufagio kwa nguvu, nikisubiri lile neno lake lisilorudi.

 Alikishika kile kijumba cha KIBIMBA kwa mikono miwili, akakiinua, akakisogeza mpaka kikasimama sawasawa na mlango wa injini. Akakikandamiza kwa gumba kuhakikisha kimekaa. Kisha akashuka, akakunja bendera yake ya kijani, akaniuliza kama ndizi zimebaki.

Nikampakulia. Nikajipakulia na mimi, nikakaa karibu naye, tukala.